Usimgeukie Kobe

Hebu fumba macho kidogo. Uone barabara isiyokwenda popote.

Ni lami nyeusi, pana, laini kuliko ya mjini. Inaanza mbele ya gereji, inanyooka, inapinda, inapanda kidogo, inapinda tena, kisha inarudi palepale ilipoanzia. Kandokando matairi makuukuu yamepangwa kama ukuta. Jua linazama, na watu wameshaondoka. Upepo unasukuma mfuko wa nailoni juu ya lami, taratibu... na mfuko huo ukifika kwenye kona ya mwisho, unasimama. Upepo bado unavuma, lakini mfuko umesimama.

Umeiona? Basi hapo ndipo mdogo wangu alipobaki.

Nilikwenda kule kwa kazi ndogo tu. Mama alinipigia simu kutoka hospitalini akasema, "Nenda kazini kwake ukachukue lile shati lake jeupe. Limo kwenye kabati lake." Sikumuuliza la nini, na yeye hakusema. Asubuhi ile daktari alikuwa ametuita, akafunga mlango, akatuambia kama kuna ndugu wa mbali waitwe upesi. Hakutegemea mgonjwa wetu aione kesho.

Mdogo wangu tulimwita Kobe. Jina hilo alilipata utotoni, kwa kuchelewa. Mimi ndiye niliyempeleka shule, na kila siku alibaki nyuma akichokoachokoa siafu kwa kijiti. Akiinua kichwa na kuona nimefika mbali, analia: "Dada, nisubiri!" Mama alikuwa akinipigia kelele kutoka mlangoni, "Usimgeukie! Ukimgeukia atakaa chini. Wewe tembea tu, atakuja mbio."

Mama alisema kweli. Nimefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi na wa namna hiyo nawajua. Lakini kwa Kobe sikuweza. Niligeuka kila siku, nikasubiri, tukachelewa wote wawili.

Huyo Kobe alipokua akawa mwalimu wa kuendesha magari ya mashindano. Tulicheka sana nyumbani. "Kobe kaota magurudumu," mama alisema.

Siku alipougua hakugonga kitu. Hilo ndilo lililowashinda madaktari. Siku ile alikaa kiti cha kushoto, mteja akiendesha. Walipoingia kona ya mwisho, mteja alimsikia akisema, "Nani kamwacha mtoto pale?" Akageuza shingo. Hakuirudisha tena. Gari lilifika gerejini bila hata mkwaruzo, na Kobe yumo ndani, macho wazi, uso umeelekea dirishani.

Hospitalini walimnyoosha shingo, ikarudi kushoto. Walipima kichwa, damu, uti wa mgongo, wasione kitu. Alikuwa anapumua na kukonda, basi. Mama alihamishia kiti chake upande ule wa kushoto ili angalau macho yale yamwone.

Hayakumwona.

Gerejini nilimkuta fundi akifunga pipa la mafuta, na mzee mmoja amekaa juu ya tairi. Huyo mzee ndiye aliyemfundisha Kobe kazi. Wenzake walimwita Mzee Breki, maana neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata nini?"

"Shati lake."

"Jeupe?"

Nilifungua kabati la Kobe. Akainuka, akaufunga mlango.

"Liache kwanza. Unajua kuendesha?"

"Nina kagari ka kwendea shule. Kanakohoa kwenye mlima."

"Inatosha." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Kobe hayumo pale kitandani, mwanangu. Yuko kwenye kona."

Siku nyingine ningemkasirikia. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Nifanye nini?"

"Gari hufuata macho," alisema. "Hilo ndilo somo la kwanza hapa. Ukitazama ukuta, utaugonga. Ukitazama njia, utapita. Sasa, pale kwenye kona ya mwisho kuna kitu kinachotaka kutazamwa. Nakisikia kila jioni. Sijawahi kukigeukia. Kobe nilimwonya, akanicheka."

"Atatokaje?"

"Apite mtu wa damu yake. Apite kwa kasi, kama anayemwacha kweli. Atakuita. Usigeuke. Akiona unakwenda zako, atakuja mbio."

Atakuja mbio. Maneno ya mama, kama yalivyokuwa.

"Na nikigeuka?"

"Mama yako atauguza wawili."

Fundi aliacha pipa lake. "Mzee," alinong'ona, "si jioni hii. Kiza kinaingia."

"Wewe funga, uende nyumbani."

Fundi hakufunga. Wala hakwenda nyumbani.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, limelala chini kama mnyama anayevizia. Niliingia kwa kutanguliza mguu, kisha kichwa, kama mtoto anayejificha chini ya kitanda. Viti viwili tu. Nyuma ya viti kioo kidogo, na nyuma ya kioo injini. Mzee Breki alinifunga mikanda mabegani na kiunoni mpaka nikawa siwezi hata kuinama. Akanivisha kofia ngumu yenye spika ndogo sikioni, akavaa yake, akaketi kiti cha kushoto.

"Humu tunasikika wawili," sauti yake ilisema ndani ya kofia. "Mimi na wewe. Ukisikia wa tatu, si mtu."

Injini ilinguruma mgongoni mwangu.

Mzunguko wa kwanza alinifundisha kama ninavyofundisha mimi kushika kalamu. "Kanyaga breki... sasa achia. Usiangalie lami iliyo chini ya pua yako. Angalia kule unakotaka kutokea. Mikono itafuata yenyewe. Vizuri, mwanangu."

Kona ya mwisho ilipinda kulia. Ukuta wa matairi ulikuwa kushoto, upande wa Mzee Breki. Tulipopita, harufu iliingia ndani ya gari. Haikuwa ya mafuta, wala ya raba iliyoungua.

Vumbi na sabuni. Sare ya shule.

Mzunguko wa pili nilikanyaga mafuta zaidi. Gari liliruka kama limechomwa mwiba, kichwa changu kikagonga kiti. Tulipofika kwenye kona, spika ilikwaruza... kama mtu anayesogeza mdomo karibu.

"Dada..."

Nikafunga meno.

"Umemsikia?" Mzee Breki aliuliza.

"Ndiyo."

"Sasa bado mzunguko mmoja. Usimwonee huruma. Huruma yako leo ni kumwacha."

Kwenye barabara iliyonyooka nilikanyaga mpaka mguu ukagusa sakafu. Taa za gereji zikawa mstari. Sikuwa na hofu ya kufa, niseme kweli. Akilini nilimwona mama amekaa upande wa kushoto wa kitanda, na shati jeupe magotini. Nilikuwa naomba bila maneno.

Breki. Achia. Macho ndani ya kona...

"Dada, nisubiri!"

Alikuwa yeye. Alikuwa mtoto yule yule, na pua yake iliyoziba kwa kulia.

"Dada, siafu wananiuma!"

Nilibana usukani.

"Kwa nini huniangalii? Nimekosa nini, dada?"

Shingo yangu ilianza kwenda. Sikuiamuru. Ilikwenda yenyewe, kama ilivyokwenda kila asubuhi ya utoto wangu. Pembeni mwa jicho niliona kitu kidogo cheupe mbele ya matairi... Ndipo mkono wa Mzee Breki ukaja, ukaziba upande wote wa kushoto wa kofia yangu.

"Macho mbele, mwanangu. Tembea tu."

Nikakanyaga mafuta. Nilimwacha mdogo wangu njiani analia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na machozi yalinijaa mpaka njia ikayeyuka mbele yangu.

Ndipo spika ikasema neno jingine. Sauti haikuwa ya Kobe. Ilikuwa ya msichana mdogo, karibu sana, haina kilio. Ina furaha.

"Baba?"

Mkono uliokuwa umeziba kofia yangu ulilegea.

Kisha ukashuka. Polepole.

"Mzee?" niliita.

Macho yangu yalibaki mbele.

Kona ilikwisha. Mbele kulikuwa na njia iliyonyooka na taa za gereji. Na nyuma yangu, mahali pasipo na kitu ila injini, nilisikia miguu mitupu ikipiga lami.

Pa... pa... pa... pa...

Hakuna mtu anayeweza kukimbia kasi ile. Miguu ilikaribia. Ikakaribia zaidi. Pumzi baridi ikanigusa kisogo, chini ya kofia, na mkono ukanishika bega la kulia. Mzito. Mkono wa mtu mzima.

Halafu mwingine ukanishika bega la kushoto.

Mdogo. Unanata udongo.

Nilisimamisha gari mbele ya gereji na kubaki nimeshika usukani. Ile mikono haikuwepo tena. Simu ilikuwa inaita mfukoni. Niliivua kofia kwa shida, nikapokea, nikamsikia mama akilia kwa namna ambayo sikuielewa mara moja.

"Kageuka! Mwanangu, Kobe kageuka! Kaniangalia, kasema, 'Mama, kiu.' Kaomba maji!"

Nililia mpaka nikakosa sauti. Nikageuka kushoto nimwambie Mzee Breki.

Alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Uso wake umeelekea dirishani.

"Mzee?"

Fundi alikuja mbio, akafungua mlango wa upande ule, akamtazama usoni. Kisha akakaa chini palepale kwenye lami.

"Binti yake," alisema. "Alikuwa akija kumpokea jioni. Siku moja alikimbilia gari la babake pale kwenye kona, anamwita. Mzee amevaa kofia, hakusikia. Gari la nyuma halikumwona mtoto."

"Kumbe ndiye aliyekuwa anamsikia kila jioni?"

"Kila jioni. Anapita bila kumgeukia, anatumaini atakuja mbio. Miaka yote hiyo hakuja."

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nadhani najua kwa nini alikuja siku ile. Watoto ndivyo walivyo: mmoja wao ataganda mahali ukimwita, ukimbembeleza, ukimtishia, asiondoke. Lakini mwenzake akikimbia, naye hukimbia. Kobe alipotoka, yule mtoto alitoka nyuma yake. Na babake alimsikia akipita kando ya dirisha lake, anafurahi, anakwenda... akataka kumwona mara moja tu. Au labda alishindwa, kama ambavyo mimi ningeshindwa bila mkono wake. Sijui. Hakuna wa kumuuliza.

Kobe alirudi nyumbani amevaa lile shati jeupe. Anakula, anacheka, anamtania mama. Neno moja tu aliniambia, siku nilipokuwa namkata nywele: "Dada, kule sikuwa peke yangu. Kuna mtoto alinishika mkono muda wote. Tulitoka pamoja. Sijui aliniacha wapi."

Nikaendelea kukata. Mimi najua mtoto huyo alibaki na nani.

Kagari nakaacha nyumbani sasa, natembea. Nikitoka shuleni jioni, nasikia miguu mitupu nyuma yangu. Haina haraka. Nikisimama, inasimama. Sijageuka hata siku moja. Wiki za kwanza haikusema kitu. Siku hizi inauliza, kwa adabu, kama mtoto anayemuuliza mwalimu ruhusa ya kutoka:

"Baba yuko wapi?"

Baba yake yuko kwenye kitanda kilekile alicholalia Kobe, uso umeelekea kushoto. Kobe hukaa upande huo na kumsimulia habari za magari. Mzee anakonda. Jana daktari alinivuta pembeni, na kabla hajafungua mdomo nilijua atakaloniambia. Mzee Breki hana mke, hana ndugu, hana mtu wa damu yake duniani.

Ila huyu anayenifuata.

Fundi ameshanikubalia. Kesho jioni atanitolea lile gari jekundu. Kiti cha kushoto kitakuwa kitupu, Kobe sitamruhusu. Na nyuma yangu, penye injini, najua nani atakuwepo. Nitapita kwenye kona kwa kasi, na Mzee Breki atamwita binti yake. Atamwita kwa sauti aliyokuwa akiitamani miaka yote. Mimi nimejifunza kutogeuka. Lakini nimekaa hapa tangu magharibi najiuliza, na ualimu wangu wote haunipi jibu: mtoto mdogo utamfundishaje asigeuke babake akimwita?

Nimeshaanza kumfundisha. Jioni ya leo, tukiwa njiani, nilisema kwa sauti ya chini, bila kutazama nyuma, "Kesho ukimsikia baba, usisimame. Wewe kimbia tu." Miguu ilisogea karibu. Kisha mkono mdogo wenye udongo ukaingia kwenye mkono wangu.

Basi na wewe unayenisikiliza, sikuombi mengi. Ukisikia unaitwa kutoka pembeni, na sauti ni ya mtu unayempenda, kumbuka jambo moja: usimpe macho yako. Mpe njia ya kukufuata.