Ua la Ernie

Haya yalimpata rafiki yangu Darlene Friesen, hapa hapa Winnipeg. Mumewe, Ernie, alifariki Agosti, akamwachia ua la chunguni alilolitunza miaka ishirini. Kufikia Januari lilikuwa kijiti chenye jani moja la njano.

"Hilo si ua tena, shoga, ni kuni," nilimwambia kwenye simu. "Litupe."

"Nikilitupa nitakuwa nimemtupa na yeye," akasema, akaanza kulia.

Jioni hiyo alishika shina, likalegea mkononi. Mizizi ilikuwa imeoza yote. Basi akalibeba na chungu chake hadi kwenye pipa la taka, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Taa ya kule ilikuwa imeungua. Alisimama gizani muda mrefu, amelikumbatia, kisha akaliachia.

Ndipo akasikia, juu jikoni, maji yakimiminwa taratibu, kama na mtu asiye na haraka.

"Ernie?" aliita.

Maji yakakoma.

Alipopanda, hakukuta mtu, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dirishani, kisahani kilichokuwa chini ya chungu kilikuwa kimejaa maji hadi ukingoni, na maji yenyewe yalikuwa bado yanatikisika.