Mguu Haukumpokea

Foleni ya ukaguzi kwenye uwanja wa ndege ilikuwa imejikunja kama utumbo, na katikati yake kijana mrefu kuliko wote alikuwa amelala. Amelala wima, shingo imeangukia kifuani, mkono umeng'ang'ania begi la timu. Nyuma yake alisimama fundi cherehani mwenye gauni la njano na mkanda mwekundu kiunoni. Akamgusa kiwiko.

"Kaka, wenzako wanasogea."

Kijana alishtuka, macho mekundu. "Samahani, dada. Nilifumba macho tu."

"Ulifumba na kukoroma. Na hiyo suruali imegombana na viatu?"

Akatazama vifundo vyake vilivyoachwa wazi, akacheka mpaka watu wakageuka. Walipofika mbele ya foleni walikuwa wameshapeana namba za simu.

Wenzake walimwita Ngongoti kwa urefu wake. Huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kulipwa kwa kucheza mpira wa kikapu. Kila aliporudi safarini alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha fundi, akakaa juu ya majora ya vitambaa, katikati ya mvuke wa pasi na vumbi la chaki.

"Fundi wangu, umenikosa?"

"Nikukose kwani wewe sindano? Hata gizani unaonekana."

Walitaniana hivyo, kisha katikati ya sentensi Ngongoti alipotelea usingizini. Mwanzoni fundi alicheka. Baadaye kicheko kikamkauka. Suruali alizomshonea mwenyewe zilianza kumvuka. Akazipunguza kiuno, akazipunguza tena. Mwili ule ulikuwa unaisha mbele ya futi yake ya kupimia.

"Mpenzi, unaumwa?"

"Nimechoka tu. Chuoni tulicheza, tukapumzika. Huku tunashuka kwenye ndege tunaingia uwanjani. Wakongwe wanajua kujitunza. Sisi wageni tunakimbizwa."

"Mwambie kocha."

"Nimwambie nimechoka? Kesho nafasi yangu ina mtu."

Jumapili moja alitakiwa aje kumsalimia mama yake fundi. Mama alivaa gauni lake la heshima, akapanga vyombo vya wageni. Chakula kikapoa. Fundi akapiga simu, ikapokewa na sauti ya mwanamke, laini, karibu ya kunong'ona.

"Amelala. Tafadhali, tumwache."

Fundi akakata.

"Kapokea nani?" mama aliuliza.

"Mwenye mali, mama."

Akaifungia namba ya Ngongoti. Wiki nzima alishona kwa hasira, nyuzi zikimkatikia.

Kisha, mchana mmoja, mlangoni akasimama mwanamke wa makamo mwenye koti la timu. Sauti ile ile.

"Mimi ni daktari wao, mwanangu. Siku ile alianguka mazoezini, nikamlaza kwenye chumba cha matibabu. Ameniomba nikueleze, maana simu zake hazikufikii."

Mkasi ukamtoka fundi mkononi.

"Kuna kibaya zaidi. Muundi wake umepata ufa. Nimeshauri apumzike, kocha anasema baada ya mechi ya leo, na yeye amekubali. Mimi hanisikii tena. Labda wewe."

Fundi alimkuta kwenye korido ya uwanja, amevaa jezi, mgongo ukutani. Kelele za mashabiki zilitikisa dari. Alipomwona, uso wake ulifunguka kama wa mtoto.

"Laazizi! Nilidhani umeniacha."

"Nilidhani una mke. Nisamehe. Sasa vua hiyo jezi twende."

"Leo tu."

"Huo mguu unajua kama ni leo tu?"

Midomo yake ilikuwa imepauka. "Nikikaa benchi, nani atanikumbuka?"

"Mimi."

Firimbi ililia. Ngongoti akambusu kwenye paji la uso, midomo ya baridi, akaingia.

Robo ya tatu alikuwa anakimbia kama mtu anayetembea ndani ya maji. Kocha alimpungia mkono: endelea. Mpira ukagonga ubao, Ngongoti akaruka juu ya wote, akaunyaka, watu wakasimama wakishangilia. Akashuka. Mguu haukumpokea. Mlio wa mfupa kuvunjika ulisikika mpaka safu za juu.

Walimpasua, wakamtia vyuma. Daktari wa mifupa hakuahidi kwamba atakimbia tena.

"Nilikusikia," Ngongoti alimwambia fundi, akiwa kitandani. "Nilikusikia vizuri, nikaingia hivyo hivyo." Kisha akalia.

Fundi alimfuta machozi kwa kanga ya begani. "Ukipona nioe."

"Na mguu huu?"

"Mimi siposi mguu, naposa mtu."

Akacheka huku bado analia, akakubali.

Kwenye televisheni ya wodi timu ilikuwa inacheza. Nafasi yake alipewa mgeni mwingine. Kamera ikamsogelea: ameshika magoti, macho yamezama, jezi inampwaya mabegani.

"Unamjua?"

"Tulisajiliwa siku moja." Kila mara kijana huyo alipotua sakafuni, Ngongoti alizidi kumbana fundi vidole. "Nipe simu."

"Si yuko mchezoni?"

"Atakuta ujumbe akitoka."

Akaanza kuandika: *Ndugu yangu, usifiche.* Alikuwa hajamaliza pale mtangazaji alipopaza sauti. Kijana alikuwa ameruka tena.