Nani Kabadilisha Madabodi?

Walikutana katika duka la vipuri vya kompyuta lililofurika watu, kila mmoja ameshika upande wa boksi moja la pawasaplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme.

"Hii haikufai, dada," alisema fundi, shati lake jeupe limenyooshwa kama la mtu anayekwenda kuposa. "Madabodi yako inataka plagi ya pini nane. Hii ina nne."

"Umeijuaje?" aliuliza binti, mkono wake wa pili umekumbatia madabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote vya kompyuta.

"Si hiyo umeikumbatia kama mtoto?"

Binti alicheka, ingawa wanaume wajuaji hakuwaamini. Alikuwa mhariri wa video za harusi, na kompyuta hiyo ndiyo ingemtoa katika studio ya shemeji yake. Fundi alimchagulia pawasaplai inayofaa, akajitolea kumuundia mashine. Hata kabla haijakamilika walikuwa wakiitana "mpenzi", na fundi alishauliza kama anaweza kuwatuma wazazi wake kuposa.

Mashine ilipoletwa asubuhi na bodaboda, binti alifungua ubavu wake. Madabodi yake ilikuwa ya kijani. Hii ilikuwa nyeusi.

Akapiga simu. "Mpenzi, madabodi yangu iko wapi?"

"Si... si hiyo hapo?"

"Usinichezee. Umeiuza?"

"Nakuja."

"Unakuja au unakimbia?"

Alikuja kweli, jasho likimtiririka, akatoa mkobani madabodi ya kijani. Ilinuka moshi.

"Niliijaribu kwanza kwa pawasaplai yangu ya zamani," alisema. "Nilipoweka yako, nyaya nikaacha zilezile. Zinaingia vizuri, ila kila kampuni hupanga pini zake kivyake. Nikawasha, ikaungua."

"Na hii nyeusi?"

"Nimekununulia. Ni bora kuliko ile."

"Nani kakuuliza ubora?"

"Niliogopa utaniona fundi wa kubahatisha."

"Tangu asubuhi nakuona mwizi. Hiyo ndiyo afadhali?"

Binti alimsukumia kiti. "Chomoa zote. Uchomeke tena, nikiona."

Alichomeka waya mmoja mmoja, akitaja kila mmoja umetoka boksi gani, naye binti akikagua kwa tochi ya simu kama askari wa mpakani. Feni zikazunguka. Kioo kikawaka.

"Waambie wazazi waje," alisema binti, bado amekunja uso. "Lakini siku ukiunguza kitu, hata sufuria, niambie moshi ukiwa bado unafuka."