Mfuniko Haukukazwa

Gari lilikuwa limeanza kupanda kuelekea Isongole, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya baridi, taa ya rangi ya chungwa ilipowaka kwenye dashibodi. Sauti tulivu ya kike ikasema, "Harufu ya spiriti imegundulika. Mwendo unapunguzwa. Elekea kituo cha vipimo kilicho karibu."

Gari likapunguza mwendo lenyewe hadi mwanamke aliyejitwika mkungu wa ndizi akalipita, akachungulia ndani, akaenda zake anacheka.

Mhandisi Tusajigwe Mwakalinga alitamani kujificha chini ya usukani. Chombo kilichonusa harufu hiyo alikibuni yeye mwenyewe. Kiliitwa kinusi. Hakikuzidi punje ya harage, nacho kilikaa chini ya kiti cha nyuma. Tangu magari ya nchi nzima yaache petroli na kuanza kutumia spiriti ya miwa, hakuna gari lililoruhusiwa barabarani bila kinusi. Mvuke wa spiriti ulitakiwa utoke kwenye tangi, upite kwenye mipira, ushikwe na kopo lililojaa mkaa, kisha injini iuvute na kuuchoma. Ukitoroka hata kidogo, kinusi kinanusa, taa inawaka, na gari linajishtaki.

"Si ulituambia hicho chombo chako hakikosei?" aliuliza shangazi yake, Subilaga, aliyekaa mbele na kikapu mapajani.

"Hakikosei, shangazi."

"Basi gari lako ndilo bovu. Na wakwe wanatungoja saa nane."

Walikuwa wakienda Tukuyu kupeleka barua ya posa ya Lusajo, mdogo wake Tusajigwe. Mshenga alikuwa nyuma: baba yao mdogo, Ambakisye, mwalimu wa kwaya, ambaye miaka mitatu iliyopita alisimama mbele ya kanisa zima akaapa kwamba pombe na yeye basi. Kwa kawaida mzee huyo huimba safari nzima. Leo alikuwa kimya, koti amelifunga mpaka kidevuni.

Kituoni walipokewa na Mpekuzi, roboti wa mikono sita na macho manane.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Taa ya mvuke imewaka."

Mpekuzi hakupoteza muda. Alichomeka mpira kwenye mfumo wa mvuke akapuliza moshi mweupe ndani, kwa maana moshi ukichungulia mahali, hapo ndipo penye tundu. Haukuchungulia popote. Akakagua mfuniko wa tangi: mzima. Mipira: mizima. Valvu ilifunga vizuri, na mkaa ulikuwa mkavu. Taa yenyewe ilikuwa imezimika.

"Gari halina ugonjwa," alisema roboti.

Wakaingia, wakafunga milango. Taa ikawaka.

Wakashuka. Ikazimika. Wakapanda tena. Ikawaka.

"Napendekeza kushusha tangi," alisema Mpekuzi. "Siku mbili."

"Siku mbili!" Shangazi Subilaga alishika kiuno. "Binti wa watu ataolewa na nani siku mbili hizo?"

Tusajigwe alilizunguka gari mara mbili, akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo roboti hakufundishwa. Aliingia garini peke yake, akafunga mlango, akahesabu hadi sitini. Taa haikuwaka. Akashuka akamwingiza shangazi. Haikuwaka.

"Ahsante," alisema shangazi, akishuka kama mtu aliyekabidhiwa cheti.

"Baba mdogo, na wewe."

"Ngoja kwanza nipunge upepo, binti yangu."

"Dakika moja tu, baba."

Ambakisye aliingia taratibu. Mlango haujafungika sawasawa, taa ikawaka.

"Ni dawa ya viatu hiyo!" alisema shangazi upesi. "Amevipaka asubuhi, nimemwona."

Tusajigwe alimshika mzee mkono, wakaenda nyuma ya kituo kwenye mashamba ya viazi, mbali na macho manane.

"Mafunda mawili tu," alisema Ambakisye kabla hajaulizwa. "Miaka mitatu sijagusa, Mungu shahidi. Ni hofu, mwanangu."

"Hofu ya nini? Umeposea watu ishirini!"

"Bibi yake huyo binti. Sekela." Akatazama viatu vyake. "Miaka arobaini iliyopita wazee wangu walipeleka barua ya posa kwao kwa ajili yangu. Siku ya kwenda kupokea jibu nilipanda basi la Tunduma. Mwaka mzima sikurudi. Leo ndiye atakayenipokea mlangoni."

Mpekuzi aliwafuata mpaka pembeni ya ukuta. "Mhandisi, nimeona taa inafuata abiria mmoja. Taja chanzo ili nifunge jalada. Chanzo na jina la mhusika vitabandikwa kwenye mbao za matangazo za wilaya."

Kipengele hicho nacho alikipendekeza Tusajigwe, ili watu wajifunze kwa makosa ya wenzao. Ubao mmojawapo, alikumbuka sasa, ulisimama mkabala na mlango wa kanisa la baba yake mdogo. Alimtazama mzee.

"Mfuniko haukukazwa," alisema.

"Mfuniko nimeupima mara tatu. Umekazwa."

"Niliukaza mimi ulipogeuka."

"Mimi sigeuki. Nina macho manane."

"Basi lilihitajika la tisa. Andika."

Macho yote manane ya roboti yalimkodolea. "Imeandikwa. Mzembe: Mhandisi Tusajigwe Mwakalinga. Darasa la madereva wazembe, Jumamosi, saa tatu asubuhi."

Wakaendelea na safari madirisha wazi, mzee ametoa kichwa nje, amefungwa kitenge cha shangazi kama mgonjwa wa meno.

Bi Sekela aliwangoja mlangoni. Alimpa Ambakisye mkono, akamsogelea, pua zake zikacheza.

"Umekunywa."

"Mafunda mawili."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu yako, Sekela."

Mama huyo alimkazia macho mpaka Tusajigwe akaanza kutafuta njia ya kutokea. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyekaa nalo muda mrefu. "Ungekunywa mafunda hayo mwaka ule, ungefika! Pita ndani, chai ya tangawizi iko tayari." Barua ilipokelewa, na kabla ya jioni mahari ilikuwa imekwisha zungumzwa.

Jumamosi Tusajigwe alifika darasani akiwa amejifunika mtandio usoni. Alitarajia kukuta wazembe watatu, wanne. Ukumbi ulijaa hadi dirishani: walimu, wauguzi, shemasi mmoja, mabibi wenye miwani, wote watu wa heshima zao. Mashine mbele ilisoma majina na makosa. Mfuniko haukukazwa. Mfuniko haukukazwa. Mfuniko haukukazwa.

Aliinamisha kichwa. Bwana wa makamo aliyekaa jirani yake akamwinamia, akanong'ona kwa upole:

"Na wewe, dada, ulikuwa umembeba nani?"