Skrubu Nne Midomoni

Usiniulize mimi, yalimpata rafiki yangu, fundi redio, mchana kweupe, sebuleni kwake. Mama mkwe wake alimletea redio iliyoanza kukoroma. Fundi akafungua skrubu nne na kuzibana midomoni, kama kawaida yake, kisha akafunga mapazia ili aone bodi ya ndani yenye nyaya inatoa cheche wapi.

"Iko siku utazimeza!" mkewe alifoka kutoka jikoni.

Cheche alizipata, akachomoa waya ukutani, akainama asafishe. Lo! Bodi ilinuka kama mdomo usiopigwa mswaki mwezi mzima. Ute wa njano ulikuwa umetanda juu yake, na kila alipoufuta kwa spiriti ulirudi, tena wa uvuguvugu.

Hapo, gizani, spika ikameza mate. Funda zito, lenye sauti. Redio haikuwa na umeme wala betri.

Fundi akafungua mapazia mbio, akatema skrubu kiganjani ili aufunge uchafu ule. Skrubu zilikuwa nne. Kitu cha tano kilikuwa jino, gego la njano, bado lina kipande cha ufizi kibichi.

Akapitisha ulimi kinywani, taratibu, akihesabu. Meno yake yote yalikuwepo.