Msimamizi Aliyeuliza Maswali

Mama Pasi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Kutwa alisimama mbele ya mashine ya kupiga pasi. Yeye aliingiza shuka upande huu, mwenzake akalipokea upande wa pili.

Msimamizi wao wa zamani walimwita Ngurumo. Akiingia, wote kimya. Mfanyakazi mmoja aliwahi kumwambia kuwa swichi ya kuzimia mashine ni mbovu. Wiki iliyofuata mfanyakazi huyo hakuonekana tena kazini.

Ngurumo akastaafu. Akaja msimamizi mwanamke. Siku ya kwanza alivuta kiti, akakaa katikati yao.

"Niambieni," alisema, "kazi hii ina shida gani?"

Wakatazama sakafu. Mmoja akakohoa.

"Hakuna shida, bosi."

Siku ya tatu jioni, nyumbani, Mama Pasi alimsimulia mume wake, seremala, aliyekuwa akipiga randa ubao.

"Huo ni mtego," alisema. "Anatafuta wenye midomo. Wako ufunge."

"Hata mimi naona hivyo. Anacheka mno yule."

Jirani yao, fundi umeme, alikuwa amekuja kuchukua kiti chake kilichotengenezwa. Kazini kwake alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi.

"Kushuku si kosa, shemeji," alisema. "Lakini uongozi kazini unabadilika. Siku hizi kiongozi anatakiwa kuwasikiliza wafanyakazi. Ninyi ndio mnaoijua mashine."

"Na kama anatudanganya?"

"Usiende peke yako. Nendeni watatu. Semeni jambo moja, linaloonekana kwa macho. Mwambieni aliandike, aseme na siku ya kulitengeneza. Maneno yake msiyaamini bado. Tazameni anachofanya."

Kesho yake wakaenda watatu. Mama Pasi alieleza habari ya swichi.

Msimamizi alikwenda kwenye mashine, akabonyeza swichi. Mashine ikaendelea kuzunguka. Akabonyeza tena. Wapi! Akakimbilia ukutani, akazima umeme wote.

"Nimepita hapa siku nne bila kuijaribu," alisema. "Hilo ni kosa langu."

Akaandika kwenye karatasi: ISITUMIKE. FUNDI ANAKUJA JUMATANO. Akatia sahihi, akaibandika kwenye mashine.

"Ameshazijua sura zetu," mwenzake alinong'ona. "Tumekwisha."

Wakasubiri kufukuzwa. Jumatano fundi akaja, akabadilisha swichi. Hakufukuzwa mtu.

Mwezi uliofuata, mkono wa sare ya yule mwenzake ulinaswa na rola za moto za mashine.

"Nakufa!"

Mama Pasi aliipiga swichi kwa kiganja. Mashine ikasimama papo hapo. Sare ilichanika hadi begani. Mkono wenyewe ulikuwa mzima, na vidole vyote vitano.

Jioni alimsimulia mume wake. Seremala aliweka randa chini.

"Kwa hiyo sasa unamwamini?"

"Bado namwangalia," alisema Mama Pasi. "Lakini kesho kuna kikao. Nina mambo mawili ya kumwambia, na safari hii nitaanza mimi."