Nilisema Ni Utani Tu

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mmoja, na sijui tena kukaa kitako. Nafagia uwanja mara mbili asubuhi, naweka sufuria jikoni, naiacha, natoka kwenda kuangalia bombani kama kuna watu. Majirani wananiuliza, Mama Tumaini, unatafuta nini? Niwajibu nini mimi?

Mimi ni Mhehe, mzaliwa wa Mlandege, Iringa mjini. Niliolewa nikaletwa huku Usangu, mkoa wa Mbeya, kwa mume Msangu ambaye baadaye alichaguliwa katibu wa kijiji. Tulihamia kijiji kipya wakati ule wa kila mtu kuhamia vijijini. Nilifika na mimba ya kwanza na masanduku mawili, sijui mtu hata mmoja. Wanawake wa pale walinicheka kwa Kisangu changu kibovu. Walinibandika jina la mla mbwa, kama Wahehe tunavyotaniwa kila mahali. Nilicheka nao, lakini nyumbani nililia!

Aliyenifuta machozi hakuwa mwenyeji pia. Alikuwa Kabula, Msukuma. Yeye na mumewe Masanja walikuja toka kaskazini na ng'ombe wao, wakapewa sehemu ya ng'ambo ya mfereji wa mashamba ya mpunga pamoja na Wasukuma wenzao. Kwao jina la Kabula hupewa mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha.

Nilipojifungua Tumaini, maziwa yangu yalikauka siku ya tisa. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha... Kabula alisikia habari hiyo kwenye mashine ya kusaga. Kesho yake alfajiri nikasikia hodi.

"Mwangaluka, dada," akanisalimia kwa kwao. Mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa. "Hii chemsha, changanya na maji kidogo. Mtoto hawezi kufa na sisi iko ng'ombe."

Alileta kibuyu kila asubuhi kwa miezi saba. Nilimfundisha kunisalimia Kihehe, "kamwene", yeye akanifundisha "mwangaluka". Naye alikuwa na binti, Milembe, mkubwa kidogo kuliko wangu. Watoto wale walilala mkeka mmoja, wakapakana uji usoni. Kabula huyo ndiye niliyemsaliti, ndugu zangu. Nayasema mapema, mnihukumu mkiwa mnajua.

Serikali ilituchimbia kisima, kikawekwa bomba la mkono. Kijiji kikaamua litiwe mnyororo na kufuli ili watoto wasivunje mpini. Ufunguo nikapewa mimi, mke wa katibu. Nikautia uzi, nikauvaa shingoni.

Jamani, ufunguo ule! Wale wale walioniita mla mbwa sasa walinipisha njia. Waliniita mama, wakaniletea mchele mpya. Kwa mara ya kwanza nilijiona mtu wa pale. Mgeni akishapewa kiti, mgeni mwenzake anamsahau upesi sana.

Kiangazi kilipokaza, maji ya kisima yakapungua. Wenyeji wakaanza kunung'unika kwamba Wasukuma ni wengi, kwamba ng'ombe wao wanachafua mfereji, kwa hiyo wasiguse bomba mpaka wenyeji wamalize. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ilikuja kwa mdomo tu. Mwanamke wa ng'ambo akifika na ndoo yake, foleni nzima inaimba: "Mkia nyuma!" Maana yake wao ni mkia wa ng'ombe, wakae nyuma. Wanawake wakacheka. Na mimi mwenye ufunguo nilicheka. Baada ya wiki mbili nilikuwa naanzisha mwenyewe.

Mwenyeji wa mwisho akimaliza, nafunga. Wa ng'ambo wakipata, bahati yao. Wasipopata, mfereji upo... mkiani kabisa, mahali ng'ombe walipokunywa na kukojoa.

Siku moja Kabula alikuja jua likiwa kali, Milembe mgongoni. Mtoto alikuwa na homa. Nilikuwa nimeshafunga. Hakuwa hata na ndoo, alikuwa na kibuyu. Kibuyu kile kile! Nilikitambua kwa ufa wake ulioshonwa kwa kamba.

"Dada, kibuyu moja tu. Mtoto inachemka."

Wanawake watano walikuwa bado wamesimama pale, wananitazama. Niligusa ufunguo kifuani. Kufungua kulikuwa kazi ya dakika moja tu! Lakini nikawaza, nikimfungulia huyu mbele yao, kesho nitakuwa tena mla mbwa wao. Nikacheka, nikasema, "Mkia nyuma, shoga!"

Wakapasuka kwa kicheko. Kabula alinitazama. Akageuka, akashuka mferejini.

Milembe alishikwa na kuhara na kutapika. Siku ya tatu akafariki.

Nililia peke yangu jikoni. Nilitaka kwenda kuzika, mume wangu akanizuia. Alisema nikienda nitaonekana nimekubali kosa. Nikakaa. Hakuna mtu hata mmoja wa upande wetu aliyevuka mfereji siku ile. Ngoma yao ya msiba tuliisikia huku tukipepeta mchele.

Masanja hakuja kugombana. Alitafuta mtu wa kumwandikia barua. Wilayani kulikuwa na Tume ndogo ya kusikiliza malalamiko ya wananchi wanaobaguliwa na kuonewa, watu watatu: mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wake, mama mmoja mkunga, na karani. Ikatangazwa kwamba watakuja kukaa kijijini siku mbili.

Hapo ndipo joto lilipopanda nyumbani kwangu. Viongozi walikutana barazani petu, mimi nachemsha chai. Wakakubaliana neno moja: ni utani! Wasukuma ni watani wetu, na mtani hachukii. Nani wa kulisema? Mimi, kwa sababu Kabula ni rafiki yangu na kila mtu anajua. Mume wangu aliniambia waziwazi nikikosea kazi yake imekwisha.

Tume ilikaa darasani, madawati yamejaa, wengine madirishani. Siku ya kwanza hawakuuliza watu sana. Walikwenda bombani wakasimama tangu asubuhi, karani anaandika nani amefika saa ngapi na nani ameteka saa ngapi. Walivuka mfereji, wakaonja maji ya kule. Yule mkunga aliyatema.

Siku ya pili nikaitwa. Nikaapa kwa Biblia. Nikasema, tena kwa sauti nzuri, kwamba sisi na watu wa ng'ambo ni watani, kwamba "mkia nyuma" ni maneno ya kuchekesha watu foleni isichoshe.

Mwenyekiti hakukasirika. Akaniuliza kwa upole, "Wewe mama ni wa Iringa. Watani wenu ni nani?"

"Wangoni," nikajibu.

"Baba yako yu hai?"

Nikasema alikwisha fariki, tukamzika Mlandege.

"Watani walikuja?"

Wasomaji, ningejua anakonipeleka! Nikaeleza huku nikitabasamu kwamba walikuja wa kwanza. Jirani yetu Mngoni aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, waombolezaji wakacheka machozi yakiwatoka. Wake zao ndio waliopika siku zote za matanga.

Akatikisa kichwa. "Ndiyo, huo ndio utani. Sasa niambie mama, mtoto wa mtani wako Kabula alipofariki, ninyi watani wake mlikwenda wangapi? Nani aliingia kaburini? Nani alipika?"

Nilimtafuta mume wangu kwa macho, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mwenyekiti akamgeukia Kabula, akamwambia aseme alilo nalo juu yangu. Nilijua sasa atayamwaga yote: maziwa, miezi saba, kibuyu. Angenimaliza mbele ya kijiji kizima!

Kabula akasimama. "Mimi sina neno na mama huyu," akasema. "Mimi nataka maji."

Akakaa. Hakutaja hata tone la maziwa yake. Na hakuniita dada.

Hapo nilivunjika. Nikauvua ufunguo shingoni, nikauweka mezani, nikasema yote. Nikasema kwamba mtoto wangu alikua kwa maziwa yake na mimi nikamnyima mtoto wake maji. Watu wakaguna, mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele kwamba mla mbwa amewauza. Liwe liwalo, nilikuwa nimeshasema.

Tume haikumfunga mtu. Iliamuru mambo machache, ikasema itarudi kuyaangalia, na kweli ilirudi mara mbili. Anayefika kwanza ateke kwanza. Ufunguo ukae wiki moja upande huu, wiki moja upande wa pili, wa kwanza kuushika awe Kabula. Kamati ya maji iwe na watu wa ng'ambo wawili. Neno lile lisitamkwe. Na viongozi wote, kwa miguu yao, wavuke mfereji wakatoe pole kwa wafiwa.

Walivuka. Nami nilivuka, nikasimama nyuma kabisa.

Uchaguzi uliofuata mume wangu hakupata kura. Alinitupia lawama asubuhi na jioni, mwisho akafunga begi akaenda Makongolosi kutafuta dhahabu. Alisema atarudi mavuno. Mavuno mawili yamepita! Nilikimbilia kwa dada yangu huko Ipogolo, Iringa, nikakaa mwezi mmoja. Sikuweza kutulia. Kila mtu akichota maji mimi nasimama. Nikarudi.

Wiki za ufunguo wake, Kabula hunitekea kama anavyowatekea wote. Hunitwisha ndoo, hunisogezea ngata ikikaa vibaya. Afadhali angenitukana! Nikimwambia mwangaluka, ananiitikia vizuri kama anavyomwitikia karani wa wilaya. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilimwaga mwenyewe.

Lakini hilo silo linalonifanya niandike. Mwezi uliopita nilikuwa foleni na Tumaini wangu, sasa ana miaka minne. Nyuma yetu akafika binti mdogo wa ng'ambo na kopo lake. Tumaini akageuka, akampigia makofi, akaimba kwa kicheko kitamu cha mtoto:

"Mkia nyuma!"

Tangu Tume ije, hakuna mtu mzima aliyethubutu kulitamka neno lile. Mtoto wangu alilitoa wapi? Kwangu! Alikuwa mgongoni mwangu siku zile, nikicheka, akiusikia mgongo wangu unavyotikisika. Alidhani ni wimbo wa furaha.

Kabula ndiye aliyekuwa kwenye mpini. Aliacha kupampu. Akamtazama mtoto yule aliyemlisha kwa kibuyu, kwa muda mrefu. Kisha akachukua kikopo cha Tumaini, akakijaza mpaka juu, akampa kwa mikono miwili.

Nilikaa chini kwenye matope.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi mlioolewa ugenini mkapewa cheo kidogo, nawasihi! Ukitaka kumcheka mtu ukasema ni utani, jiulize kwanza: akifiwa, nitakwenda? Nitaingia jikoni kwake nimpikie? Kama huwezi, nyamaza. Na kama una mtoto mgongoni, nyamaza mara mbili. Tume ilikuja ikafungua kufuli la bomba, Mungu awabariki. Neno nililolitia kinywani mwa mwanangu hakuna wa kuja kulitoa ila mimi.

Sasa hivi Tumaini anacheza nje na wenzake, nasikia wanaimba. Naacha kuandika, natoka kwenda kusikiliza wanaimba nini.